Miguu ya kuzuia mtetemo chini ya vyombo vya muziki: inapofanya kazi na inapokula fedha bure

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Mtu akiweka humu picha ya vyombo vyake vya muziki, hachelewi kutokea wa kumshauri anunue miguu ya kuzuia mtetemo, iwe ya mpira, ya springi au ya chuma chenye ncha, kwa ahadi kwamba besi itakaza na sauti ya mwimbaji itasogea mbele. Mwingine humjibu papo hapo kwamba huo ni utapeli. Nimehangaika na suala hili kwa mwaka mmoja na nusu, tangu niliporithi kwa marehemu baba mdogo mashine ya santuri pamoja na makasha mawili ya santuri za dansi, na ninavyoona wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia chombo chake.

Nianze na yaliyonikuta. Sebule yangu ni ya nyumba ya kupanga kama nyingine nyingi: sakafu ya zege yenye vigae, kuta za matofali ya saruji, na kabati moja refu lililobeba televisheni juu, sabufa katika uwazi wa chini, na vikombe vya wageni nyuma ya kioo. Mashine ya santuri niliiweka juu ya kabati hilohilo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Kwa sauti ya chini mambo yalikwenda vizuri. Nilipovuka nusu ya kitufe cha sauti ulizuka mngurumo mzito ambao haukuwamo kwenye wimbo. Ulianza taratibu kama lori linalopanda mlima, kisha ukakua wenyewe mpaka koni ya sabufa ikawa inaingia na kutoka kama mtu aliyeishiwa pumzi, nami nikakimbilia kuzima. Fundi niliyemwita aliilaumu amplifaya na akaondoka nayo kwa siku tisa. Ilirudi na ugonjwa uleule, na vikombe kabatini viliendelea kulia.

Amplifaya haikuwa na kosa. Sindano ya santuri ni kipimo cha mtikisiko na haina kazi nyingine; hairekodi kinachotoka kwenye wimbo na kukiacha kinachotoka kwenye kabati. Inachosoma ni tofauti ya mwendo kati yake na mfereji wa santuri. Mfereji huo una upana wa takriban mikromita 50 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani ni mwembamba kuliko unywele, na katika sehemu tulivu za wimbo huyumba kwa chini ya mikromita moja. Sasa tuchukue sabufa ambayo koni na koili yake zina uzito wa gramu 30, ndani ya kasha la kilo 12. Koni inaposukumwa mbele milimita 2, kasha nalo husukumwa nyuma, na kwa kuwa ni zito mara 400, husogea mikromita 5 endapo halijashikiliwa na kitu. Mikromita 5 ni chache mno kwa jicho na hata kwa kiganja, lakini kwa sindano ni kelele kubwa. Kabati huupokea mwendo huo na kuupandisha, sindano huusoma kama muziki, amplifaya huukuza, sabufa huutoa upya, na mzunguko unaanza tena ukiwa na nguvu zaidi. Huo ndio uliokuwa mngurumo wangu.

Kinachozidisha tatizo ni namna santuri zinavyotengenezwa. Besi hukatwa ikiwa imepunguzwa ili mifereji isipanuke na kugongana, na saketi ya fono, ile inayokuza sauti dhaifu ya sindano, huirudisha wakati wa kusikiliza kwa kufuata kanuni ya mwaka 1954 ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani. Kwenye 20 Hz, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ukuzaji wake ni kama mara tisa ya ule wa 1,000 Hz. Mtikisiko unaoingia kwa mlango wa nyuma, yaani kupitia miguu ya mashine, hupewa ukuzaji huohuo kana kwamba nao ulipigwa na bendi.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Zima mota, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, pandisha sauti hadi kiwango unachosikilizia kwa kawaida, kisha gonga kabati polepole kwa kifundo cha kidole. Mlio wa "to" ukitoka kwenye spika, mtikisiko unapita. Mimi nilirekodi milio hiyo kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity na kuhifadhi mchoro wa kila hatua, kwa sababu kumbukumbu ya sikio huanza kupotea ndani ya sekunde chache, na mtu aliyetoka kutoa fedha husikia anachotaka kusikia.

Hatua ya kwanza haikunigharimu hata shilingi: niliitoa sabufa kabatini nikaiweka sakafuni, hatua mbili kutoka hapo. Mngurumo uliokuwa ukianzia nusu ya kitufe ukawa unaanzia karibu na mwisho wake, na vikombe vikanyamaza. Naamini wengi mnaofikiria kununua miguu mnahitaji hatua hii tu, hivyo mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Hatua ya pili ndiyo inayohusu miguu yenyewe, na hapa kuna hesabu ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Kitu chochote kilichokaa juu ya kitu kinachonepa kina kasi yake ya asili ya kupanda na kushuka, kama daladala yenye springi chakavu inapovuka tuta. Mtikisiko wenye kasi kubwa kuliko hiyo kwa mara 1.4 au zaidi hupunguzwa. Ulio chini kabisa hupita kama ulivyo. Na ulio karibu na kasi hiyo huongezwa. Narudia hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linalosahaulika: miguu laini isiyofaa huongeza mtikisiko. Kuijua kasi hiyo si kazi ngumu. Pima kwa rula ni milimita ngapi miguu imebonyea baada ya kubeba mzigo, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 15.8 kwa jibu lake. Ikibonyea milimita 1, kasi ya asili ni karibu 16 Hz. Ikibonyea milimita 4, ni 8 Hz. Ili ufike 3.5 Hz lazima ibonyee milimita 20, na hakuna kipande cha mpira chenye unene wa milimita 15 kinachoweza kubonyea milimita 20. Kwa mpira, isitoshe, jibu halisi huwa juu ya hesabu hii, kwa sababu mpira huwa mgumu zaidi unapotikiswa kuliko unapolemewa tu.

Kwa nini nang'ang'ania 3.5 na si 8? Kwa sababu mkono wa sindano nao una springi yake, ambayo ni kile kijiti laini kinachobeba sindano ndani ya katriji, kile kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa mkono. Mkono na katriji vikilingana vizuri, kasi yao ya asili huangukia kati ya 8 na 12 Hz, juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini ya muziki. Ukiweka miguu ya 8 Hz chini ya mkono wa 10 Hz, mtikisiko wa 10 Hz utaongezwa kama mara 1.7 kabla haujaufikia mkono ambao tayari umekaa ukiusubiri. Huko ni kumkabidhi mlevi funguo za kilabu. Miguu ya 3.5 Hz, kwa mtikisiko huohuo, hupitisha karibu sehemu moja ya saba.

Nilichofanya ni hiki. Kwa wanaochonga meza za jikoni nilipata kipande cha granaiti kilichobaki, sentimita 50 kwa 40, unene sentimita 3; kina uzito wa kilo 16, na mashine yangu ina 8. Chini ya jiwe hilo nililaza tyubu ya baiskeli ya mtoto ya inchi 12, nikaijaza upepo kiasi cha kulinyanyua tu, nikahakikisha kwa pima maji kwamba limelala sawa pande zote. Kisha nilibonyeza kona moja, nikaachia, na kurekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu wa picha 120 kwa sekunde. Nilihesabu picha moja baada ya nyingine: kutoka kilele kimoja hadi kingine zilikuwa 30, ambayo ni 4 Hz. Niligonga kabati tena. Kwenye spika hapakutoka kitu, na kwenye mchoro wa Audacity kile kilima kilichokuwa kama kichuguu kilikuwa kimelala.

Sitaki kuwaficha kasoro zake. Tyubu hupungua upepo, na baada ya wiki mbili au tatu mashine huinama upande mmoja, mkono ukaanza kuvutwa huko. Ukiweka santuri kwa pupa, jiwe huyumba kama ngalawa. Na mngurumo haukwisha wote. Sauti ikiwa juu kabisa bado ninausikia kwa mbali, kwa sababu kuna njia ya pili isiyopita miguuni: hewa. Besi huipiga mashine moja kwa moja, hasa mfuniko wake wa plastiki ambao una uso mkubwa kama ngoma. Niliung'oa mfuniko wakati wa kusikiliza na kuisogeza mashine kutoka kwenye kona, na hali ikapoa zaidi. Chumba changu kina urefu wa mita 4, hivyo besi ya karibu 43 Hz hurundikana kwenye kuta mbili za mwisho, na kona ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Hakuna mguu wa bei yoyote unaoweza kuzuia kinachokuja kwa hewa.

Wazo hili, kwa taarifa ya vijana, si geni. Mwaka 1961 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research huko Marekani alitoa mashine ambayo sahani inayozunguka na mkono wa sindano vimefungwa pamoja kwenye fremu moja inayoning'inia kwa springi, huku mota ikibaki kwenye mwili wa nje. Mkono na sahani vikitikisika kwa pamoja, sindano haioni tofauti. Thorens TD 150 na Linn Sondek LP12 ya mwaka 1972 zilifuata njia hiyo. Mwaka huohuo wa 1972 Technics walikuja na SL-1200, iliyokwenda upande mwingine: mwili mzito na miguu ya mpira. Ukimiliki mashine yenye springi ndani, usiiongezee miguu laini chini, maana springi mbili zilizopandana zinaweza kuanza kuchezeana na ukatoka vibaya kuliko ulivyoingia. Iweke juu ya kitu kigumu na chepesi.

Karibuni kwa maswali na ubishi.

Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi sina mashine ya santuri; nina amplifaya, spika mbili za mezani na simu. Nilikata ndala za zamani vipande vinane na kuviweka chini ya spika, vinne kila moja, na nakuhakikishia kwamba sauti ilibadilika waziwazi, hasa ile ya juu. Hesabu yako inasema vipande hivyo havibonyei hata milimita 1. Je, masikio yangu yananidanganya?

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, naamini ulisikia mabadiliko. Ninachotilia shaka ni chanzo chake.

Ulipoinua spika kwa vipande vya ndala ulibadilisha mambo matatu kwa mkupuo. Uliinua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, hivyo ikiwa spika ilikuwa chini ya usawa wa masikio, sauti ya juu sasa inakufikia kwa unyoofu zaidi. Vipande visipolingana unene, spika inainama kidogo, na twita ina mwelekeo finyu kama tochi. Tatu, uliitenga spika na ubao wa meza, na hapo ndala ina kazi ya kweli: ubao mwembamba ukiguswa na kasha linalotetema huanza nao kutoa sauti, hasa kwenye besi ya juu na sauti za wanaume, na kwa mitetemo ya 100 Hz na kuendelea hata mpira wa 20 au 25 Hz unatosha kabisa kuupunguza. Tatizo la 8 Hz nililoeleza linamhusu mwenye sindano. Spika haina sindano.

Ili kujua kati ya hayo matatu ni lipi, ondoa ndala na weka vipande vya mbao ngumu vya unene uleule, ili urefu usibadilike. Sauti ikibaki ileile, ulichokuwa unasikia ni urefu. Ikirudi kuwa nzito na ya kwenye debe, ni meza, na ndala zako zimekupa faida ambayo wengine huinunua kwa bei ya spika yenyewe. Ila ziangalie baada ya miezi michache: ile sponji ya ndala hulala chini ya mzigo na isiamke tena.

Mchangiaji wa Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mwanzisha uzi amezungumza kuhusu sakafu ya zege, na huko sina neno. Mimi nakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya kale ambayo sakafu yake ni boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu hii ni nzito lakini inanepa. Mtu mzima akikatiza chumbani, bilauri ya maji juu ya meza unaiona ikifanya duara. Mashine yangu niliinunulia miguu ya springi iliyotoka nje, ya kuning'inia hasa, na nilipoipima kwa njia yako ya video nimepata kama 3.5 Hz. Mngurumo wa spika umekwisha, alhamdulillahi. Lakini wajukuu wakipita, sindano inaruka kuliko ilivyokuwa kabla sijaweka miguu! Mwenye duka aliniambia springi zinahitaji muda kuzoea. Huu ni mwezi wa nne.

Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam mzee wangu. Springi hazizoei kitu. Miguu inafanya hasa ile kazi iliyoundwa kufanya, na ndiyo inayokuponza.

Mtu anayetembea hukanyaga takriban mara mbili kwa sekunde, yaani 2 Hz, pamoja na zidisho zake za 4 na 6. Weka 2 Hz kwenye miguu ya 3.5 Hz na hesabu inatoa ongezeko la mara 1.5; zidisho la 4 Hz linaangukia karibu kabisa na kasi ya asili ya miguu, na hapo hakuna kinacholizuia isipokuwa ule mpira kidogo uliomo ndani ya mguu wa kufifisha mtetemo. Kwangu, kwenye zege iliyomwagwa juu ya ardhi, hatua za miguu hazifiki mezani, kwa hiyo siathiriki. Kwako sakafu yote inacheza pamoja na mtembeaji.

Dawa ya sakafu inayonepa ni kuikwepa. Kuta za nyumba zenu ni za mawe, nene karibu nusu mita, na hazijui kama mtu anapita. Funga rafu ukutani, karibu na kona ambako kuta mbili zinashikana, uweke mashine juu yake na miguu yake ya asili. Najua nimesema kona ni mbaya kwa besi inayokuja hewani, nawe utasikia kidogo. Lakini kati ya mngurumo mdogo na sindano kuchana santuri, chagua mngurumo. Usiiweke kwenye kona yenyewe ya chumba. Acha mita moja.

Mchangiaji wa Arusha

Naomba kupinga kwa heshima. Nimekuwa katika hobi hii kwa miaka mingi kuliko wengi hapa. Nina miguu ya aina hiyo chini ya amplifaya ya transista na chini ya mashine ya CD, na tofauti ninaisikia: nafasi kati ya ala imeongezeka, kimya kimekuwa kimya zaidi. Sayansi haijapima kila kitu, kaka. Kama wewe husikii, huenda vyombo vyako havijafikia kiwango cha kuonyesha.

Mwanzisha uzi

Mkuu, sijasema husikii. Nauliza mtikisiko unaingia wapi.

Kwenye mashine ya santuri nilikuonyesha mlango wake: sindano. Kwenye redio na amplifaya za valvu mlango upo pia, kwa sababu ndani ya valvu kuna vinyuzi na vipande vya chuma vilivyosimama kwa nafasi ndogo sana, na vikitikisika, mkondo unatikisika navyo. Gonga valvu ya ECC83 iliyochoka kwa penseli huku amplifaya ikiwa imewashwa na utaisikia ikilia kama kengele. Kwa valvu za hatua ya kwanza, miguu ya mpira ni fedha halali. Maikrofoni vilevile. Lakini transista ni punje iliyozikwa ndani ya plastiki ngumu. Zipo kapasita ndogo za kauri zinazoweza kutoa umeme kidogo zikipindwa, hilo nalikiri, ila jaribu uone: amplifaya ikiwa imewashwa bila wimbo, sauti ikiwa juu, gonga kasha lake. Ikiwa pigo la kifundo cha kidole halisikiki kwenye spika, mtikisiko unaotoka sakafuni, ulio dhaifu kuliko pigo hilo kwa mbali, utasikika vipi?

Kuhusu CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ni kweli kwamba jicho la leza hufuata njia zilizotengana kwa mikromita 1.6 tu, na mtikisiko mkubwa hulifanya lipoteze njia. Lakini pale leza inaposoma vibaya, mfumo wa kusahihisha makosa huweza kurudisha kikamilifu pengo la takriban milimita 2.5 za njia; likizidi hapo unasikia mkwaruzo au kuruka, kitu ambacho hakuna anayekiita "kimya kuwa kimya zaidi". Ndiyo maana CD ya ndani ya gari ilifaa kwenye barabara zetu za vumbi wakati santuri isingethubutu.

Ombi langu kwako ni dogo. Mwombe mtu wa nyumbani aweke au atoe miguu ya amplifaya mara kumi na mbili wewe ukiwa nje ya chumba, kwa kurusha sarafu, aandike kila mara alichofanya na aifunike amplifaya kwa kanga usione chochote. Sauti isiguswe. Uandike unachodhani, kisha mlinganishe karatasi. Ukipata kumi au zaidi, nitaomba radhi humuhumu na kuinunua hiyo miguu.

Mchangiaji wa Arusha

Nimelisoma ombi. Kurusha sarafu mara kumi na mbili kwa amplifaya ya kilo 20 ni kumtafutia mke wangu maumivu ya mgongo. Nitamngoja kijana arudi kutoka chuo. Swali moja wakati huo: ncha za chuma chini ya spika za kusimama zinatenga au hazitengi? Maana duka liliniuzia kwa jina hilohilo la kuzuia mtetemo.

Mwanzisha uzi

Hazitengi. Ncha ya chuma hainepi, kwa hiyo haina kasi ya chini ya asili ya kuzungumzia. Kazi yake ni kuikaza spika ili isiyumbe, hasa kwenye zulia, ambako ncha hupenya nyuzi na kugusa sakafu. Kwenye vigae haina faida hiyo; itakwaruza kigae, au spika itateleza mtoto akiegemea. Kwenye zege, mpira mgumu wa unene wa sentimita 1 unatosha: hauchubui na spika haitambai. Sabufa inayohama yenyewe kwenye vigae wakati wa muziki mzito inahitaji mpira wa namna hiyo.

Na kwa wale walioniandikia faragha kuhusu majirani: miguu chini ya sabufa inasaidia kama mna sakafu ya mbao au ya boriti na kuna mtu chini yenu. Kama mmepanga chumba na sebule na ukuta wa tofali ndio unaowatenganisha, besi inamfikia jirani kwa hewa, juu ya ukuta usiofika kwenye bati na kupitia dari. Hapo dawa ni kitufe cha sauti.

Mchangiaji wa Unguja

Ndugu mwanzisha uzi, nimerudi kutoa taarifa baada ya wiki tatu.

Rafu haikuwa kazi ya mara moja. Ukuta wetu ukiutoboa kwa mashine unatoa unga wa chokaa, na ile plagi ya plastiki inazunguka ndani ya tundu bila kushika kitu. Fundi wa kwanza alifunga, rafu ikakaa siku moja, usiku tukasikia kishindo. Bahati njema mashine ilikuwa bado iko mezani. Fundi wa pili, mzee anayejua nyumba hizi, alichimba mpaka akafikia jiwe zima, akazamisha vyuma virefu kwa udongo wa chokaa na saruji kidogo, akanikataza kuvigusa kwa siku kumi. Sasa mashine ipo ukutani, juu ya ubao wa mninga, kwa miguu yake ya asili. Miguu ya springi nimeihamishia chini ya sabufa, na jirani wa chini amenitumia salamu.

Jana nilipiga santuri ya 45 tangu sehemu ya kwanza hadi nilipoigeuza sehemu ya pili, wajukuu wakifukuzana mlangoni, na sindano haikuondoka mferejini. Kilichobaki ni santuri tatu zilizopinda kwa joto, ambazo koni ya sabufa inapumua nazo kila mzunguko. Kuna mguu wa hiyo?

Mwanzisha uzi

Hongera mzee wangu, na salamu kwa huyo fundi wa pili.

Hakuna mguu wa hiyo, kwa sababu mtikisiko wenyewe unazaliwa juu ya sahani, kati ya santuri na sindano. Santuri ya 45 huzunguka mara 45 kwa dakika, sawa na mara 0.75 kwa sekunde, hivyo bonde moja linalopita chini ya sindano ni wimbi la 0.75 Hz pamoja na zidisho zake. Tazama nyuma ya amplifaya au kwenye saketi ya fono kama kuna swichi ya kuchuja sauti za chini ya 20 Hz; ukiiwasha, koni itatulia na hakuna ala ya dansi utakayoikosa, kwani uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi ni 41 Hz. Kama swichi haipo, zilaze hizo santuri tatu kati ya vioo viwili vinene mahali penye ubaridi, na uzito wa vitabu juu yake. Usizianike juani kwa nia ya kuzilainisha, hata ukishauriwa na mtu unayemwamini. Moja ya santuri za baba mdogo niliipoteza hivyo.